Kile kitabu cha kiwavi nimekuwekea kwenye begi

Mwanangu,

Najua Jumatatu unaanza na watoto wako wa awali huko Kondoa, ndo maana nimekuwekea kile kitabu cha kiwavi chini ya vitenge, kile kile nlichokuwa nafundishia hapa Nkuhungu. Ni cha Eric Carle wa Marekani, kilitoka 1969. Wazo alilipata akichezea mashine ya kutobolea karatasi, na kweli kurasa zina matundu, ukimpa mtoto tu anaingiza kidole.

Sasa kuna kitu kilinisumbua sana na hamna aliyeniambia. Kwenye kitabu Jumatatu kiwavi anakula epo moja, Jumanne mapeasi mawili, Jumatano plamu tatu. Kwa Kiingereza haina shida, ila mtoto wetu anasikia Juma-TATU, unamwonesha tunda moja, anakwambia mwalimu sio, ni matatu! Na hajakosea mwanangu, majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, hiyo ndo ya kwanza, Jumapili ya pili, ndo inafuata ya tatu. Mi mwanzoni nlikuwa nawakatalia, kuna katoto kamoja nlikaambia kamekosea kakanyamaza wiki nzima, mpaka leo inaniuma.

Baadae nikagundua, siku ya kwanza usitaje siku kabisa. Hesabuni matundu tu, kidole kwenye kila tundu, moja, mbili, hadi yale matano ya machungwa. Kesho yake ndo mwimbe siku mkianzia Jumamosi, wasikie wenyewe mosi, pili, tatu, nne, tano zinavyojipanga, alafu ndo urudi kwenye kitabu.

Na plamu hawazijui, mi nlikuwa naweka zambarau mana rangi inakaribiana, au zabibu msimu ukiwepo, na nahakikisha wanazishika mkononi sio kutazama picha tu. Ile kurasa ya Jumamosi yenye keki na soseji ipitishe haraka, muhimu wajue kiwavi aliumwa tumbo akapona kwa jani bichi.

Jiandae, mtoto wa mkulima akiona kiwavi atasema mwalimu tumuue, mana amemwona babaake akihangaika na viwavijeshi shambani. Usimkemee, anachosema ni kweli kabisa. Mwambie yule wa mahindi akikua anakuwa nondo, huyu wa kitabuni anakuwa kipepeo, kisha watoe nje mkatafute majani yaliyotobolewa. Hapo ndo utawaona wanavyochangamka yani, hata yule asiyeongea atakuvuta gauni akuoneshe jani lake.

Kurasa ya mapeasi ilichanika nimeibandika kwa selotepu, wageuze taratibu. Jumatatu jioni nipigie uniambie walisema kiwavi kala mangapi.

Mama yako