Wanaoanza Blender: wiki hii ni mpira tu

Habari za jioni wapendwa. Wengi mnauliza lini tutaanza kumtembeza mhusika katika Blender, programu ya kutengenezea katuni za 3D. Bado kidogo. Naomba zoezi la mpira msilidharau, maana uzito na kasi ya mhusika yeyote vinafunzwa hapa.

Blender ni ya bure, ipakueni blender.org, si kwingine. Futeni lile boksi la mwanzo, wekeni tufe, ndilo mpira wetu. Fremu (picha moja ya video) ya 1 mpira uwe juu, bonyeza I kuhifadhi mahali ulipo. Ya 12 uwe chini, I tena. Ya 24 urudi juu, I. Toleo la zamani likikuuliza uhifadhi nini, chagua Location (mahali). Fremu hizo 24 ni sekunde moja, kwa kuwa programu inakuja na fremu 24 kwa sekunde.

Ukiucheza utaona unatua taratibu kama puto. Usifute kazi! Fungua Graph Editor (dirisha la grafu za mwendo), kwenye mstari wa Z (wa juu na chini) chagua nukta ya chini, bonyeza V, kisha Vector, ili mstari uwe na kona kali hapo. Sasa utadunda kwelikweli. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na inaniuma kwa sababu dawa yake ni hiyo tu.

Tumeni video zenu humu kabla ya Jumapili jioni, hata ambazo hazijakamilika. Nitaangalia kila moja.