Shukrani kwa kijana wa fulana ya Simba

Kijana uliyekaa nyuma yangu jioni ile ya mvua kwenye chumba cha kompyuta chuoni, sikukuuliza hata jina. Nakushukuru hapa, huenda ukasoma.

Nina miaka 54. Mara ya mwisho kukaa darasani, mwalimu aliandika kwa chaki nasi tukanakili. Sasa naambiwa kazi ipakiwe kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, kabla ya saa 2 usiku. Mfumo ukifunga, umefunga. Mimi nilikuwa nimeandika kwa mkono, kurasa nane! Mhudumu akasema tu, "Mama, soma maelekezo."

Wewe ulisogeza kiti. Hukuninyang'anya kipanya, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Wanangu hunyang'anya, wakabofya upesi upesi, nikabaki vilevile. Ulinionyesha kupiga picha kurasa kwa simu na kuziunganisha ziwe faili moja la PDF, kisha ukanyamaza nikijaribu. Nenosiri nilikosea mara tatu (herufi kubwa ile!). Mtandao wa chuo ulipokatika, ukaniunganisha na simu yako. Saa 1:40 kazi ikapokelewa.

Bando lako bado nadaiwa. Nipo pale kila Jumanne, meza ya dirishani.