Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, tarehe 20 Machi, nawe daktari tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza.

Mwaka huu klabu yetu imejifunza saratani ya kinywa. Sababu ni babu wa mwenzetu mmoja wa Kibosho, mbwia ugoro wa miaka mingi. Alikaa miezi na kidonda pembeni mwa ulimi, akisukutua kwa maji ya moto yenye chumvi. Alipofikishwa hospitali, shingo ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Mheshimiwa, tuliposoma kwamba joto huipa nguvu dawa ya saratani, baadhi yetu tulidhani babu alikuwa na haki. Hakuwa nayo. Joto la matabibu hupimwa: nyuzi 40 hadi 43 hivi za Selsiasi, kwa muda wa kama saa moja, kwa mitambo inayolenga uvimbe wenyewe. Hapo damu huongezeka kwenye uvimbe ikibeba dawa kama sisplatini, na dawa hupenya seli kwa urahisi zaidi. Kisha linakuja lile lililotushangaza kuliko yote: sisplatini huharibu vinasaba vya seli ya saratani, na seli hiyo ina ufundi wa kujikarabati. Joto huuvuruga ufundi huo. Jeraha ambalo seli ingelishona, linaiua.

Kwa saratani za tishu laini, utafiti wa Ulaya wenye wagonjwa 341 ulionyesha kuwa baada ya miaka 5, karibu 63 katika kila 100 walikuwa hai kati ya waliopewa dawa na joto. Kwa waliopewa dawa bila joto walikuwa 51. Kwa saratani ya kinywa, tiba kuu bado ni upasuaji na mionzi, na joto bado linachunguzwa. Tunalisema wazi ili mzazi yeyote asiende nyumbani kukanda kidonda kwa kijiko cha moto. Joto la jikoni huunguza tu, na siku zinapita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni dogo. Tupatie tochi na vioo vya kukagulia kinywa, na mtaalamu mmoja kila muhula, aketi nasi nje ya kanisa na msikiti baada ya ibada. Awaangalie wazee wetu wanaobwia ugoro, wanaovuta na wanaokunywa: baka jeupe au jekundu, kidonda kilichopitisha wiki 2 bila kupona. Sisi tutawaleta kwa mikono yetu.

Babu yule ameshafanyiwa upasuaji, na leo yuko hapa, kiti cha mbele. Maneno bado yanamwia magumu, kwa hiyo ametuomba tumsemee: karibu sana, daktari.

Tunaomba kuwasilisha.