Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: majini yetu yana wenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na tisa huu, mwenye leseni na kitambulisho shingoni. Papasi, wale wanaowakimbilia wageni bila leseni, nawajua na wao wananijua. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linafanywa hadharani, vichochoroni mwetu, watu wakishatoka sala ya isha.

Msimu uliopita kampuni moja iliniita niongoze matembezi yake mapya ya usiku, "matembezi ya mizuka". Nikapewa karatasi nne zilizopigwa chapa, nizihifadhi kichwani. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na bibi harusi mwenye gauni jeupe, kashika taa, anayetokea dirishani Sokomuhogo kila mwezi ukiwa mpevu, anamngoja mume aliyezama baharini. Mheshimiwa, mimi nimezaliwa humu. Bibi harusi huyo sikumsikia kwa bibi yangu, wala msikitini, wala barazani kwenye kahawa. Gauni, taa, dirisha: huo ni mzuka wa ngome za Uingereza, umeshushwa bandarini pamoja na mizigo mingine. Sisi tuna majini wa bara na wa bahari, tuna vibwengo, tuna wanga, tuna masheitani wenye ngoma zao na lugha zao. Kisha tunaagiza mzuka kutoka nje kama mtumba!

Nilikwenda, sikatai. Msimu ulikuwa mbaya na watoto wanataka ada. Usiku wa pili nilikuwa na wageni kumi na mmoja, tumesimama chini ya nyumba ya ghorofa mbili. Kijana wa kampuni kajibanza nyuma ya mlango na shuka lake, nami ndiyo kwanza nafika pahala pa kushusha sauti. Dirisha la juu likafunguka, ndoo nzima ya maji ikatushukia.

"Nyinyi hamna makwenu? Hapa nna mgonjwa!" Na kabla hajalifunga: "Na huyo aliyejifunika shuka mlangoni kwangu, mwambieni nyumba hii ina mwenyewe. Asije akaondoka naye."

Wageni walipiga makofi. Walidhani bi mkubwa yule naye kalipwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuomba radhi. Akanikaribisha ndani, akanitilia kahawa, akanionesha ngazi ya kwendea chumba cha juu ambacho hakuna anayelala. Kila akipanda hutoa salamu kwanza, ingawa hamna mtu. Alhamisi jioni hukifukiza ubani. Maji ya moto hayamwagwi uani bila bismillahi, "usije ukawaunguza watoto wa watu," akaniambia, na watoto aliowakusudia si wa jirani. Kisha akanisimulia kisa cha chumba kile, nusu saa nzima, bila kupandisha sauti hata mara moja, na nywele zikanisimama. Kisa chenyewe sikiandiki hapa, maana sikumwomba ruhusa.

Sasa niambie, Mheshimiwa: mgeni aliyevuka bahari kuja kututazama angefaidi kipi, kijana wa shuka au ngazi ile?

Sisemi hadithi za kutisha zipigwe marufuku. Zinaweza kutulisha, na nyingine zimebeba historia kuliko vibao vilivyotundikwa ukutani. Chukua Mambo Msiige pale Shangani. Wazee wanasimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai yasiyo idadi, na kwamba kuna watumwa waliozikwa hai ndani ya kuta zake. Iwe kweli isiwe kweli, jina lenyewe limekaa kama karipio: jambo hili msiliige. Mji mzima ulitazama jumba la tajiri, ukalipa jina la kumsuta. Hadithi hiyo ukiisimulia ilivyo, huna haja ya kumficha mtu mlangoni.

Nyingine zilikuwa ulinzi. Utotoni tulikatazwa gofu moja la nyuma ya mtaa wetu kwa kuwa lina jini, nasi hatukulikaribia. Masika moja ukuta wake uliporomoka usiku, na palipokucha hakukuwa na mtoto wa kutafutwa chini ya mawe. Nakiri siku hizi namshukuru yule jini. Beit al-Ajaib, ile nyumba aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, haikuwa na jini wa kuwafukuza watu: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ilianguka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Ukitaka cha kuogopesha Mji Mkongwe, ingia kichochoro chochote utazame juu, uone boriti zilizooza.

Ukurasa wa tatu ndio ulionifanya niache kazi ile.

Ulisema kundi lipite Mkunazini, lisimame nje ya ukuta wa kanisa, na hapo kijana abonyeze spika iliyofichwa ili ulie mlio wa minyororo na watu wakigugumia. Mkunazini, Mheshimiwa. Palipokuwa na soko la watumwa hadi Sayyid Barghash alipolifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Kila siku nawapeleka wageni kwenye lile shimo lenye sanamu tano zilizowekwa mwaka 1998, zimefungwa mnyororo shingoni, na ninachofanya pale ni kunyamaza tu. Kuna wageni ambao mababu wa mababu zao walipita njia kama hiyo. Wanakuja kuzuru, kama mtu anavyozuru kaburi. Spika ya nini?

Halafu kuna hatari nyingine, na hii nakuomba uiangalie kwa jicho la mambo ya kale. Vyumba vile vya chini tunavyowaingiza wageni vina mjadala: wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa na wamisheni kwa ajili ya hospitali yao, soko likiwa limeshafungwa miaka mingi. Mimi mgeni akiniuliza humwambia hivyo hivyo. Tukiongeza na kilio cha kanda, siku atakapogundua kwamba kilio ni cha uongo ataanza kutilia shaka na soko lenyewe. Na soko lilikuwepo.

Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo hilo, alikusanya ngano za Unguja akazichapisha London mwaka 1870. Mgeni yule alikaa kitako akawasikiliza wasimulizi wetu, akaandika kwa Kiswahili chao. Leo sisi wenyewe tunaandikiwa karatasi nne.

Karatasi ya nne ilikuwa Popobawa, yule shetani anayesemwa huvamia watu vyumbani usiku, imeandikwa kama kichekesho. Nilikuwa kijana mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Nakumbuka familia nzima zimelala nje kwenye mikeka, taa zinawaka hadi alfajiri, watu wazima wanaogopa kuingia vyumbani mwao. Na kuna mtu aliuawa kwa kudhaniwa ndiye. Waliokuwa na hofu ile bado wako hai, wengine tunasali nao safu moja.

Ninachoomba ni kidogo. Matembezi ya usiku yawe na leseni yake peke yake, na anayeitaka apimwe kama anajua anachosimulia na kimetoka kwa nani. Mkunazini na pango la Mangapwani, linalosemwa walifichwa watumwa, yatolewe kabisa kwenye michezo ya kutishana. Makundi yawe madogo, na saa nne za usiku watu waachiwe mitaa yao walale. Na kabla bi mkubwa yule na wenziwe hawajatuondoka, watumwe vijana wenye vinasa sauti wakae nao, wawalipe, wawaulize nini kinaruhusiwa kutoka nje ya nyumba na nini hakiruhusiwi. Kampuni zikitaka hadithi zikanunue hapo.

Kama wataka kujionea, njoo Alhamisi yoyote baada ya isha, nitakutembeza bure. Uje na viatu vya kutembelea na uache msafara Forodhani, vichochoro vyetu havipitishi gari. Bi mkubwa nimeshamwarifu kwamba huenda ukaja. Amesema ndoo ataiweka mbali, ila utoe salamu kabla hujakanyaga ngazi.

Wako mtiifu,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe