Nionyeshe uso wako mchana

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo, baba yako tu anakohoa kidogo.

Picha za Firelei Báez, yule dada wa Jamhuri ya Dominika, nimeziona zote. Mwanzo nilidhani simu imeharibika: vichwa vimejipanga safu kwa safu, pua hakuna, mdomo hakuna, rangi tupu na macho mawili yanayokukazia. Kumbe ni yeye mwenyewe, alijichora siku hadi siku kwa mwezi mzima mwaka 2011, kwa rangi ya maji, wino na penseli. Kila siku akichanganya rangi mpaka ilingane na mkono wake, na nywele akaziacha zilivyoamka.

Ila ile mitihani miwili ya rangi na nywele uliyonieleza imenikaa rohoni. Huko Marekani Weusi wenyewe walipimana kwa mfuko wa kaki, ukiuzidi weusi huingii ukumbini. Na kwao Dominika mtu anasimamishwa mbele ya feni, nywele zisipopepea ameanguka. Baba yake Firelei ana asili ya Haiti, na nchi yenyewe ndiyo ile ya Trujillo, yule dikteta aliyejipaka poda kuficha rangi ya bibi yake wa Kihaiti, kisha mwaka 1937 akaamuru Wahaiti wauawe kwa maelfu.

Sasa wewe unayenieleza yote haya kwa uchungu, uso wako umeanza lini kutakata hivyo? Jumapili kwenye video ulishika kikombe nikaviona vidole. Uso mweupe, vifundo vyeusi. Usiniambie ni taa. Mkorogo naujua, Zuhura. Zebaki inaingia mwilini inakula figo, na ngozi ikishachubuka jua dogo tu linakuunguza.

Na kama ni yale maneno ya utotoni, toka juani usije ukawa chungu, hayo kila mtu humu ndani aliyasema, ndivyo watu walivyozoea kusema.

Mtaa mzima unajua unakwenda kusoma uchoraji New York, nimewatangazia mimi. Nani hapa amewahi kuona mtoto anachora kama wewe? Lakini hiyo picha yako ya kujichora uliyoianza, ukichanganya rangi weka mkono karibu kama mwenzio. Uso wa Jumapili usiuchore, sitauweka sebuleni.

Baridi ya huko inakausha. Nakufungia mafuta ya nazi, nimekamua mwenyewe, pakaa hayo na basi. Kopo lile, lolote liwalo, litupe kabla hujapanda ndege.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi amekula pesa ya misumari hajarudi. Mdogo wako anaomba viatu vyako vya michezo kama huvichukui. Pasipoti usiiweke kwenye begi kubwa.

Nipigie kesho saa nane, ukae nje, siyo chumbani. Nataka kuuona huo uso.

Mama yako