Chupa ya mofini ikipotea, mgonjwa asirudishwe mikono mitupu

MHARIRI,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenzetu wa dirisha la dawa. Mgonjwa wa saratani akifika kabla ya tarehe yake na kusema chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, imepotea, mara nyingi hujibiwa, "Rudi siku yako." Jibu hilo linaumiza. Nguvu ya mofini ya maji hudumu saa nne hivi. Aliyeizoea kwa wiki kadhaa akiikosa ghafla, siku haiishi kabla hajaanza kutokwa jasho na kamasi na tumbo kumsokota, huku maumivu ya saratani nayo yakimrudia.

Kwanza ulizeni kilichopotea ni karatasi au dawa. Kama ni cheti cha dawa, angalieni kwenye daftari kwamba dawa haijatolewa, kifutwe, daktari aandike kingine chenye maneno "badala ya cheti cha tarehe" fulani. Yamekwisha.

Ikiwa ni dawa, shikeni kalamu kabla ya kumhukumu mtu. Mgonjwa wa miligramu 10 hunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na dozi mbili kwa pamoja saa 4 usiku ili alale. Hizo ni miligramu 60 kwa siku. Kwa mofini ya miligramu 5 katika mililita 5, anahitaji mililita 60, na chupa ya mililita 500 humfikisha siku nane. Akija siku ya tano hana dawa, huenda amekuwa akinywa mililita 100 kwa siku. Mwambieni awaonyeshe anavyopima. Kijiko cha chakula hubeba mililita 15 hivi, mara tatu ya kijiko cha chai. Akiwa anasinzia, mboni zimekuwa ndogo na pumzi zinakwenda taratibu, amezidisha. Aonwe na daktari saa hiyohiyo. Akiwa macho na bado anaugulia, dozi haimtoshi, naye ameona aibu kusema. Huyo aongezewe dozi na daktari, asikaripiwe.

Chupa ikiwa imepotea kweli, mpeni ya siku tatu, yaani mililita 180, si ya mwezi mzima, kisha aje kliniki. Kwenye daftari iandikwe tarehe, kiasi kilichopotea, sababu, aliyeleta taarifa, na sahihi mbili. Iliyovunjika, waombeni kizibo au kipande chenye lebo. Iliyoibwa, taarifa ya polisi inaweza kufuata baadaye. Msiifanye sharti la dozi ya usiku huu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haikuzuia tiba.

Tahadhari moja tunaisisitiza: aliyekaa siku kadhaa bila mofini asirudie dozi yake ya zamani yote. Mwili umeshaisahau, na pumzi inaweza kukatika. Daktari aanze chini.

Ikipotea mara ya pili, gawanyeni dawa kwa siku tatu tatu, achaguliwe ndugu mmoja wa kuitunza kwenye kisanduku chenye kufuli, na muuguzi afike nyumbani. Msikubali kuimimina kwenye chupa ya soda. Mtoto ataiona kinywaji.

Kuna chupa nyingine ambayo hatuiulizi kabisa: ile inayobaki kabatini baada ya mgonjwa kufariki. Anayekwenda kutoa pole kwa niaba ya kliniki aiombe kwa upole, airudishe famasia, na kiasi kilichobaki kiandikwe kwenye daftari lilelile.

Wafamasia na wauguzi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu kwa wagonjwa mahututi),
Dar es Salaam