Kadi Haijaisha, Lakini Je, Ukaazi Wako Bado Upo?

Asubuhi moja ya mvua mama mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Ngamiani, tunakoandaa nyaraka za uhamiaji, kakumbatia bati la biskuti lililofungwa kwa kipande cha khanga. Shida yake ilikuwa ndogo: tumchapie tiketi ya kurudi Marekani, ambayo mwanawe alimtumia kwenye simu. Huku mashine ikipata moto nikamuuliza amekuja lini Tanga. "Nilikuja kumuuguza mama, mwanangu. Mwaka 2021." Nikaacha kuchapa, nikamvutia kiti.

Ndani ya bati mlikuwa na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, safi kabisa, tarehe yake ya mwisho 2029. Kwake yeye mambo yalikuwa tayari. Kadi nzima, tiketi ipo, safari wiki ijayo. Ilibidi nimwambie kitu ambacho hakuna aliyemwambia miaka yote hiyo: tarehe ile ni ya kadi, si ya haki yake ya kuishi Marekani. Aliyekaa nje ya Marekani mwaka 1 au zaidi bila kibali cha kurejea hawezi kuitegemea grini kadi peke yake kumwingiza nchini, hata kama kadi ina miaka mingine mbele.

Wiki chache baadaye akaja kijana wa Makorora na shida iliyo kinyume kabisa. Yeye alikuwa amekata tamaa. Ana ukaazi usio na kikomo wa Uingereza, amekaa Tanga miezi 14 akisimamia mirathi ya baba yake, na kadi yake ya ukaazi iliandikwa kuwa inaisha tarehe 31 Desemba 2024. Aliamini mlango umefungwa, na alikuwa ameanza kuulizia bei za mashine za juisi afungue biashara Kange. Kumbe haki yake ilikuwa hai. Serikali ya Uingereza iliachana na kadi zile na kuhamia viza ya kielektroniki, ndiyo maana kadi nyingi zilipewa tarehe hiyo moja, hata za watu ambao ukaazi wao hauna mwisho. Alichohitaji ni kufungua akaunti yake ya mtandaoni ya uhamiaji wa Uingereza na kuiunganisha na pasipoti anayosafiria.

Tumeamua kuandika makala hii kwa sababu ya watu hawa wawili. Kadi inaweza kuwa nzima na ukaazi umekufa. Kadi inaweza kufa na ukaazi ukawa mzima. Wateja wetu wengi wanatazama kadi, wanakata tiketi, kisha wanakuja kwetu. Tunawaomba mgeuze mpangilio huo.

Suala hili linawagusa Watanzania kuliko watu wa nchi nyingi. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya aliyekaa London miaka 20 anaweza kuchukua pasipoti ya Uingereza na kubaki Mkenya, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inamruhusu. Mtu wa Tanga akifanya hivyo anapoteza uraia wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo wengi wamebaki na pasipoti ya Tanzania na kuishi huko kwa ukaazi wa kudumu, wakijua kwamba siku moja watarudi kuzika wazazi na kujenga. Uamuzi huo tunauheshimu. Lakini raia harudishwi mlangoni kwa sababu alikaa nje miaka 5. Mkaazi anaweza kurudishwa.

Hesabu inaanzia kwenye mihuri

Mteja akija na suala la kurudi, kitu cha kwanza tunachokiomba ni pasipoti zote. Narudia: zote. Ile ya zamani iliyokatwa pembe ndiyo mara nyingi yenye jibu. Uingereza hawagongi muhuri unapotoka, kwa hiyo tarehe ya kuaminika ni ya muhuri wa kuingia Tanzania, uwe wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, wa Kilimanjaro au wa Horohoro. Na hapa pwani unyevu hauna huruma. Tumepokea pasipoti iliyokaa chini ya godoro masika mbili, kurasa zimegandana na wino wa muhuri umekuwa kivuli cha zambarau. Tuliipiga picha chini ya taa ya dirishani, tukaikuza kwenye kompyuta, tukasoma mwezi lakini siku haikusomeka. Ikabidi mteja atafute barua pepe ya tiketi yake ya zamani. Ukitoka hapa leo, nunua bahasha ya plastiki yenye zipu uziweke humo.

Kuna jambo linalosemwa sana vijiweni ambalo si kweli. Kwenda Mombasa kumsalimia dada na kugongewa muhuri Horohoro hakukatishi hesabu. Marekani haihesabu siku ulizokaa Tanzania, inahesabu siku ulizokosekana Marekani. Uingereza vivyo hivyo. Ukivuka mpaka wa Kenya mara 10, bado hujarudi Uingereza hata mara moja.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimtengenezea mteja barua na nakala zote vizuri, nikaangalia tarehe ya kadi, nikamtakia safari njema. Alizuiwa kaunta ya shirika la ndege na mabegi yake matatu, wakati mwanawe alikuwa tayari njiani kumpokea upande wa pili. Mashirika ya ndege hutozwa faini yakimbeba asiye na ruhusa, kwa hiyo hayabahatishi. Nililiumia sana lile, na tangu siku hiyo mtu haondoki hapa kabla hatujahesabu siku zake kwa kalamu.

Uingereza: miaka 2, na baada yake

Mwenye ukaazi usio na kikomo akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unaanguka wenyewe. Hakuna barua itakayokuja Tanga kukuarifu. Waliopata ukaazi kupitia mpango wa raia wa Umoja wa Ulaya na familia zao, yaani wale wa hadhi ya kudumu, wana nafasi kubwa zaidi: miaka 5 mfululizo. Tumewaona watu wawili waliooana na raia wa Ureno wakiamini wamekwisha, wakati wana miaka 3 mbele yao.

Kama hujafika miaka 2, kazi yako ni ya makaratasi tu, ila usiidharau. Wengi pasipoti zao zinaisha wakiwa hapa. Unaomba mpya kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji, unalipa shilingi 150,000 kwa namba ya malipo, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, unapewa kitabu kipya chenye namba mpya. Hapo ndipo watu wanapokwama: namba mpya haijaingizwa kwenye akaunti ya Uingereza. Mtu wa kaunta anaingiza pasipoti kwenye mfumo na haoni ukaazi wowote. Tunawashauri mfanye mabadiliko hayo wiki kadhaa kabla ya safari.

Ukishapita miaka 2, njia ipo, nayo inaitwa viza ya mkaazi anayerejea. Inaombwa ukiwa nje ya Uingereza. Wanaangalia una mafungamano gani na nchi ile, uliishi huko muda gani kabla ya kuondoka, umekaa nje muda gani, uliondoka kwa nini, ulichelewa kwa nini, na kama kweli unarudi kuishi au unakwenda kutembea. Nimeona maombi mazuri yakianguka kwa sababu mtu alijaza kurasa akieleza mapenzi yake kwa Uingereza bila kuweka karatasi hata moja ya mwanawe anayesoma kule, nyumba anayoilipia, au pensheni anayochangia. Mwombaji kutoka Tanzania kwa viza hii huhitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu, nacho kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kukipata kabla mengine hayajakamilika.

Na watoto: aliyezaliwa hapa Tanga ukiwa na ukaazi tu wa Uingereza si raia wa Uingereza, na ukaazi wako haumfuniki. Anaombewa viza yake. Nduguye aliyezaliwa kule baada ya wewe kupata ukaazi ni raia tangu kuzaliwa. Ndugu hao wa tumbo moja wanaweza kusimama kwenye foleni mbili.

Marekani, na yule mama wa bati la biskuti

Anayejua mapema kwamba atakaa Tanzania zaidi ya mwaka huomba kibali cha kurejea, na ni lazima awe ndani ya Marekani anapowasilisha ombi. Kibali hicho hudumu miaka 2. Ndugu zetu mlioko huko mnaofikiria kuja kuuguza mzazi, hili ndilo la kulifanya kabla ya kupanda ndege. Ukishafika stendi ya Kange na mabegi, umechelewa.

Kwa aliyekwisha kukaa muda mrefu kuna viza ya mkaazi anayerejea, inayoombwa ubalozini Dar es Salaam kwa fomu DS-117. Unatakiwa uthibitishe kwamba ulikuwa mkaazi halali ulipoondoka, kwamba uliondoka kwa nia ya kurudi na hukuiacha nia hiyo, na kwamba kilichokuchelewesha hakikuwa mikononi mwako. Hilo la tatu ndilo gumu. "Nilikuwa najenga" haisikilizwi. Ugonjwa husikilizwa, ukiwa na ushahidi.

Yule mama alikuwa nao, ila hakujua kwamba ni ushahidi. Chini kabisa ya bati, chini ya picha za harusi, kulikuwa na kadi za kliniki za mama yake kutoka hospitali ya Bombo, barua ya rufaa ya kwenda Muhimbili, risiti za dawa zilizofifia, na cheti cha kifo. Tulizipanga mezani kwa tarehe, mwezi baada ya mwezi. Alipoiona ile safu ndefu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilimuuguza muda wote huu." Tuliahirisha tiketi kwa kulipa faini, akaanza maombi. Jibu bado hatujalipata. Mwanawe ni raia wa Marekani na ameshavuka miaka 21, kwa hiyo hata hili likikwama, anaweza kumwombea mama yake grini kadi upya kama mzazi. Hilo linachukua muda, lakini ni njia halali.

Kanada niieleze kwa kifupi: mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ametimiza siku 730 ndani ya miaka 5. Muda ulioishi nje pamoja na mwenzi wako ambaye ni raia wa Kanada unaweza kuhesabiwa. Kadi ikiisha ukiwa huku, unaomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu. Haki yenyewe haipotei mpaka uamuzi rasmi utolewe. Ujerumani ni wakali zaidi, miezi 6 tu kwa ukaazi wa kawaida wa kudumu, isipokuwa uliafikiana mapema na ofisi ya wageni. Dubai na falme zenzake nako ni miezi 6, ila wenye viza ya dhahabu hawabanwi na hesabu hiyo.

Makaratasi ya hapa nyumbani

Majina ndiyo yanayotuchosha kuliko chochote. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, kwenye pasipoti Mwanakhamis, kwenye kitambulisho cha NIDA limeongezwa jina la babu, na kwenye kadi ya Ulaya jina la babu ndilo limekuwa la ukoo. Kwetu pwani sote tunajua ni mtu mmoja. Ofisa wa mbali hajui. Tunaandaa hati ya kiapo inayosainiwa mbele ya wakili, na pale tofauti ni kubwa tunakuelekeza kwanza RITA, wanakosajili vizazi na vifo. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili kinahitaji tafsiri yenye jina, sahihi, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia kuonyesha uliishi wapi, ila haibebi ombi peke yake.

Tafadhali msikubali mtu awaambie atawatengenezea barua ya hospitali. Vishoka wapo, na wana maneno matamu. Udanganyifu kwenye ombi la Uingereza unaweza kukufungia mlango miaka 10, na Marekani unaweza kukufungia maisha. Aliyechelewa kihalali ana la kueleza, lakini karatasi ikishagundulika kuwa ya kughushi hata maelezo yake ya kweli hayatasikilizwa.

Sisi si mawakili. Kazi yetu ni kuhesabu siku, kupanga na kuskani nyaraka, kutafsiri, kujaza fomu mbele yako ukisoma kila mstari, na kukuandalia faili la kwenda nalo Dar. Kesi ikiwa na kukataliwa huko nyuma, kufukuzwa nchini au hukumu ya jinai, tutakwambia siku hiyohiyo utafute wakili wa uhamiaji wa nchi husika, na hatutachukua hela yako.

Tunafungua saa 2 asubuhi, Jumamosi tunafunga saa 8 mchana. Kuhesabu siku ni bure. Njoo kabla ya kukata tiketi, na uje na bati zima.